Vidole Vinne vya Rojo

Chupa ilikuwa ya jamu zamani, na ndani yake lilikuwa limebaki rojo la biringani, kina cha vidole vinne. Mzee Chumvi alipima mwenyewe kwa vidole vyake vya fundi, akabandika karatasi ubavuni mwa chupa na kuchora mstari wa penseli. Mkewe ndiye aliyelitengeneza, Jumanne moja, akaliweka kwenye friza. Alhamisi akajinyoosha mchana apumzike, hakuamka. Watu wakaja, wakalia, wakala, wakaenda zao, na katika wote hao hakuna aliyefungua friza. Aliyefungua ni mzee, wiki ya tatu, akitafuta barafu ya kukandia goti.

Jina la Chumvi alipewa na mafundi wenzake, maana hadithi zake zote alizitia chumvi hadi zikawasha. Alipiga plasta miaka arobaini. Kwa maelezo yake mwenyewe, kuna ukuta aliulainisha mpaka nzi akatua, akateleza, akavunjika mguu, na mwenye nyumba akadai fidia kwa niaba ya nzi. Hiyo ndiyo ilikuwa fupi.

Halafu presha ikampanda. Daktari akamwambia chumvi basi, mafuta basi, siagi asiitazame hata kwenye picha. Mkewe alicheka siku tatu. "Kakukataza ya kwenye sahani," alisema. "Ile ya mdomoni kaisahau."

Alipomaliza kucheka akaingia jikoni kutafuta kitu ambacho mwanamume huyo angeweza kuchovya mkate bila kununa. Akachoma biringani juu ya mkaa, akazimenya, akaziponda kwa uma pamoja na karoti za kuchemsha na kitunguu saumu. Ufuta aliukaanga mkavu, akautwanga, akautia. Mwisho akakamua ndimu nyingi, ukali wake ufanye kazi ya chumvi. Hakuna nyama, hakuna tone la mafuta, na mzee akalamba sahani kama paka wa jirani. Kwa miaka kumi na mmoja lilipikwa kila Jumanne, naye kila Jumanne alikaa kwenye kigoda kando ya mlango wa jikoni akipiga soga.

Kwa hiyo alipoikuta chupa alijiambia kwamba kazi ni ndogo. Vitu vyote anavijua, jiko ni lile lile. Atatengeneza lingine lenye ladha ile ile, na ladha ya mkewe haitatoka katika nyumba hii. Shida ni kwamba ili alinganishe lazima aonje la marehemu, na kila akikwangua kwa ncha ya kijiko mstari wa penseli unaachwa juu. Alikuwa anakula kile kile alichotaka kukitunza.

Akaanza kama alivyoanza kazi zote maishani: kwa vipimo. Biringani nne kwa karoti mbili kwa kikombe kimoja cha ufuta. Aliandika kwa penseli ukutani kando ya dirisha, kama mafundi wanavyoandika hesabu ya mchanga na saruji. Akazichoma biringani akiwa amesimama juu yake na koleo mkononi, akizigeuza kila upande kama anayeogesha mtoto, mpaka zikaiva sawasawa bila doa. Kisha akalipitisha rojo kwenye chekecheke, kwa sababu kwa fundi donge ni aibu. Likatoka laini, la kupendeza macho. Alilipaka juu ya mkate kwa mkupuo mmoja wa kisu, likakaa bapa.

Akaonja. Halikuwa na lolote. Lilikuwa ukuta.

Akaongeza ndimu, akaandika. Akapunguza karoti, akaandika. Muuza mboga wa kona akamuuliza, "Mzee Chumvi, biringani zote hizi, una shughuli nyumbani?"

"Nafuga tembo mdogo," alijibu. "Hali kitu kingine."

Yule mama alicheka mpaka akashika kibanda. Mzee akatembea kurudi nyumbani na kikapu chake, na njia nzima alikuwa anaiongezea hadithi ile: tembo analala wapi, anakoroma vipi. Alipofungua mlango ndipo akakumbuka hakuna wa kumwambia. Akaenda kuwasha mkaa.

Jumamosi moja bintiye mkubwa, mshonaji wa sare za shule, alikuja kumwangalia. Ukuta ulikuwa umefika mstari wa tisa, chupa imebaki vidole viwili.

"Baba, umeandika ukutani."

"Karatasi hupotea. Ukuta hauendi mahali."

"Mama angekuona!"

"Angeniona, ningefuta."

Binti alichovya kipande cha mkate kwenye bakuli la tisa, akatafuna taratibu.

"Nzuri," alisema.

"Ni ya mama yako?"

"Nzuri, baba."

"Sikukuuliza kama ni nzuri. Nzuri hata mimi naijua, nina ulimi."

Binti akaweka mkate chini. Mzee akaitoa chupa kwenye friza, akaifuta barafu kwa upindo wa shati, akampa na kijiko. "Ncha tu," alisema. "Usinichotee kama mchanga."

Binti aliliacha liyeyuke mdomoni. Akakilamba kijiko mbele na nyuma, mpaka mzee akaanza kujuta kumpa.

"Kuna uchungu kidogo," alisema binti. "Kwa mbali. Kama moshi."

"Moshi utoke wapi? Mkaa ni huo huo. Nazichoma nimezisimamia kama askari jela. Hakuna hata moja iliyoungua ubavu."

"Basi sijui, baba. Mimi nasema nilichoonja."

Mzee akairudisha chupa mahali pake. Zilikuwa zimebaki biringani nne kikapuni, akazipanga juu ya mkaa kwa mara ya kumi, bila hamu, kama mtu anayelipa faini. Binti akavuta kigoda cha kando ya mlango na kukaa. Ni kigoda ambacho mzee alikalia miaka kumi na mmoja, lakini tangu msiba hakukigusa, kwa kuwa sasa mahali pake palikuwa kule mbele, jikoni.

"Nisimulie ya mamba," binti alisema. "Ile ya kwenye tangi la maji."

"Sina hadithi."

"Unayo. Uliwahi kuniambia kidogo nikiwa shule, nikapitiwa na usingizi."

"Nimesema sina, mama."

"Basi niambie tu kama ni kweli lilikuwa tangi la hoteli."

"La hoteli," mzee alisema, akigeuza biringani moja. "Hoteli kubwa. Ghorofa tisa."

"Siku ile ulisema sita."

"Wameongeza." Akageuza nyingine. Kisha, kama bomba lililokaa bila maji linavyoanza kwa kukohoa, akaendelea. "Mimi niko ndani ya tangi napiga plasta. Giza. Taa ya kibatari. Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Nageuka, mamba. Tena kavaa kofia."

"Kofia ya nani?"

"Ya msimamizi."

"Na msimamizi mwenyewe?"

"Hilo ndilo swali nililomuuliza mamba."

Binti akaangua kicheko, kicheko cha mamake kile kile, cha kuanzia puani. Mzee akaacha koleo. Akasogea, akaegemea mlango, mikono yote miwili ikaanza kazi: mmoja mamba, mwingine kibatari. Binti akampinga kwamba mamba hapandi ngazi, mzee akamwambia huyu alipanda lifti, wakagombana kuhusu lifti na nani aliyembonyezea kitufe. Miezi miwili alikuwa hajaongea maneno mengi hivyo.

"Baba," binti alisema ghafla. "Zinaungua."

Akaruka. Akazishika kwa mikono mitupu, akajichoma, akazitupa kwenye sahani. Zote nne zilikuwa nyeusi ubavu mmoja, zimepasuka, zinatoa moshi.

"Zimeharibika," alisema. "Kamwage."

"Chakula hakimwagwi. Lete nikwangue."

Binti akakwangua, lakini weusi haukutoka wote. Mzee hakuwa na nguvu za chekecheke. Akaponda kwa uma vivyo hivyo, na mabonge yake, akatia ufuta, akakamua ndimu kwa hasira bila kuhesabu. Akaonja ili tu aweze kusema halifai.

Akaweka kijiko chini polepole.

Sekunde ile aliisikia sauti ya mkewe, haikuhitaji friza. *Umeniunguzia tena, wewe mwanamume, na maneno yako.* Kila Jumanne alisema hivyo, na kila Jumanne yeye aliona ni ugomvi wa kawaida wa mke na mume. Mzee alikuwa akimshika kwa hadithi mpaka mkono unasahau koleo. Kisha mke anaruka, anakwangua, anaguna, anaponda. Huo ndio uchungu wa mbali uliokuwa kwenye chupa. Yeye, fundi wa vipimo, alikuwa amekaa ndani ya rojo lile muda wote, na ukutani hakujiandika.

"Ndilo?" binti aliuliza.

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akavuta kiti akakaa.

Binti akachovya mkate. Akala kipande cha kwanza na cha pili, machozi yakimtiririka bila yeye kuyajali, kama watu wanavyokata kitunguu. Akamchovyea baba yake kipande, akamwekea mkononi.

"Haya, malizia," alisema, akijifuta kwa kiganja. "Ukamuuliza mamba msimamizi yuko wapi. Akajibu nini?"

Mzee akafungua mdomo. Akatafuta. Alimjua mamba yule mpaka idadi ya meno, aliijua hoteli, kofia na lifti. Zaidi ya hapo hakukuwa na kitu. Miaka kumi na mmoja hadithi hii na nyingine zote zilikatikia jikoni humu, kwa moshi, na mtu wa kuruka na kumfokea. Moshi ulipoisha alianza nyingine. Hakuna hata moja iliyowahi kumdai mwisho.

"Sijui, mwanangu," alisema, akiukodolea macho mkaa unaofifia. "Hapo ndipo mama yako huwa ananikatiza."