Goti la Nyuma

Watu wazima huumia magoti kwa sababu za heshima. Mmoja kaanguka ngazini na gunia begani, mwingine ni umri tu umemfikia. Bluu alilichana lake akicheza na mawimbi, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mshona mapazia anayejulikana mtaa mzima, na ndiyo maana hakupata wa kumhurumia. Dada yake mkubwa, anayeishi mwendo wa basi wa siku nzima, alipopewa habari kwa simu aliuliza, "Kwani ulikuwa unatafuta nini huko?"

Swali la haki. Kila asubuhi kwa miaka tisa, kabla hajafungua duka, alibeba ubao wake wa kupandia mawimbi, wa rangi ya bluu, akaingia nao baharini mpaka pale mawimbi yanapoanza kuinuka. Hapo hukaa watu wanne watano juu ya mbao zao, miguu inaning'inia majini, nyuso zimeelekea baharini, wanangoja. Foleni ile haina namba wala msimamizi. Aliyengoja zaidi huchukua wimbi, akirudi anakaa nyuma ya wote, na mjanja anayerukia zamu ya mwenzake ataangaliwa kwa jicho ambalo hatalisahau. Maneno ni machache. Jina la mtu haliulizwi. Kuna Kipara, kuna Miwani, kuna Asante, yule anayelishukuru kila wimbi kwa sauti akishalipanda, na yeye ni Bluu kwa ajili ya ubao. Wakitoka majini kila mmoja anashika njia yake.

Siku yenyewe wimbi halikuwa hata kubwa. Alisimama vizuri, akakata kona, na goti la nyuma, yaani la mguu wa kulia unaobaki nyuma ubaoni, likalala kwa ndani huku mguu wenyewe umeganda pale pale ubaoni. Akasikia kitu kimekatika, kama uzi mnene unavyokatika kwenye cherehani. Sasa watu hawa wana desturi yao: ukianguka ukaibuka, unainua mkono juu ili wenzako wajue u mzima, waendelee na yao. Na Bluu, goti limeshachanika, machozi yanamlengalenga, akainua mkono. Uliinuka wenyewe kabla hajafikiri. Kipara naye akainua wake, akageuka kutazama wimbi linalokuja. Mtu mwingine yeyote angepiga ukelele, akabebwa. Bluu alijivuta mpaka ufukweni kwa tumbo juu ya ubao, akatoka majini akirukaruka kwa mguu mmoja.

Hospitalini walimpiga picha, wakampeleka kwa mtaalamu wa viungo, bwana mnene mwenye mikono laini na maneno machache ya kubembeleza.

"Kano ya upande wa ndani imechanika nusu," alimwambia. "Haihitaji kisu. Inahitaji adabu."

Adabu yenyewe ilikuwa hii. Barafu ndani ya taulo, robo saa, mara nne kwa siku. Mguu juu ya mto. Mkanda wenye vyuma pembeni, wiki sita, hata wakati wa kulala. Gongo la kutembelea mkono wa kushoto. Halafu mazoezi: nyoosha mguu, kaza paja, hesabu mpaka kumi, achia, anza tena. Kurudi baharini baada ya wiki kumi, tena akijituliza.

"Nyumbani unaishi na nani?" mtaalamu akauliza, kalamu mkononi.

"Wapo," akasema Bluu.

"Nani?"

"Wapo tu."

Mtaalamu akaandika kitu, akamwacha na uongo wake.

Hakuwepo mtu. Kulikuwa na duka, na nyuma ya duka chumba kimoja chenye kitanda, jiko la gesi na ubao ulioegemezwa ukutani. Cherehani chake ni cha kukanyaga, na miaka yote alikikanyaga kwa mguu wa kulia. Sasa akalazimika kutumia wa kushoto, na wa kushoto haukuwahi kufundishwa kazi. Ulikanyaga kwa pupa, ukasimama, ukakanyaga tena. Mteja mmoja, mama wa ofisini, alikunjua pazia lake dukani akalitazama pindo kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Fundi, hapa katikati ulisinzia?"

"Nitalifumua, dada," akasema Bluu, na akalifumua lote.

Lakini pazia halikuwa shida. Shida ilikuwa mlangoni. Kila kivuli kilichopita mbele ya duka kilimfanya ainue kichwa. Alikuwa anawangoja. Hakumwambia mtu, na mimi nawaambia kwa sababu bila hilo hamtaelewa kilichomuuma. Aliamini kwamba mmoja wao atakuja. Alipanga hesabu kabisa: siku tatu hawatashtuka, wiki moja watasema labda kasafiri, wiki ya pili Kipara ataanza kuulizia mtaani, yuko wapi yule mwanamke wa ubao wa bluu, na nani asiyemjua? Alitoa kiti cha pili akakiweka barazani. Wiki ya pili ikapita, na ya tatu, na kiti kikawa cha kuwekea vitambaa. Ikamwingia kichwani kwamba kama pengo lake halionekani kule majini, alikokuwa kila siku ya Mungu, basi hakuna pengine popote litakapoonekana. Hilo ndilo alilotaka kulijua. Kupona goti kukawa njia tu ya kwenda kulijua.

Wiki ya nne akafanya kituko. Kulikuwa na joto, akavua mkanda akalala hivyo hivyo. Alfajiri akaota wimbi. Sasa mpanda mawimbi haamki kama wewe na mimi. Mwili wake umefundishwa jambo moja: umelala kifudifudi, wimbi linakusukuma, unaweka viganja chini na kurukia miguu yote miwili kwa mpigo mmoja. Bluu akafanya hivyo hivyo kitandani. Akasimama juu ya godoro, amechuchumaa, mikono imetanda, akiwa bado usingizini, kisha goti likamwamsha. Akadondoka kati ya kitanda na ukuta.

Alilala pale mpaka jua likaingia dirishani. Simu ilikuwa mezani, hatua nne tu, na mwanzoni aliwaza namna ya kuifikia. Halafu akawaza ampigie nani, na hamu ya kuifikia ikamwisha. Dada yake angepanda basi kesho asubuhi afike usiku. Wateja ni wateja. Na wale ambao ameamka nao kwa miaka tisa, waliomwona akicheka, akitapika maji, akilia siku aliyomzika mama yake akidhani hawamwoni, hakuwa na namba ya hata mmoja. Alilia sana, tena kwa sauti, maana nani angemsikia.

"Ulifanya nini?" mtaalamu akamuuliza, akilibonyeza goti lililovimba upya.

"Nilisimama."

"Wapi?"

"Kitandani."

Mtaalamu akamtazama. "Wewe ni wa pili. Nyie watu wa mawimbi mna kichwa kigumu hata mkilala." Akamwongezea wiki mbili, akamfundisha kuamka: geukia ubavu, shusha miguu, kaa, hesabu mpaka tano, ndipo usimame. "Kama bibi," akasema. "Ubibi haukupunguzii kitu."

Basi Bluu akawa bibi. Akajikaza kisabuni, akafanya kila alichoagizwa na zaidi. Alikaza paja akisubiri maji yachemke. Alisimama kwa mguu mmoja akipima vitambaa, na walipotoka wateja akafumba macho akasimama tena, maana ndipo goti linapojifunza kujishikilia. Alichuchumaa nusu mbele ya kioo akilinda goti lisilale ndani. Wiki ya kumi na mbili mtaalamu akamchezesha namna zote, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nenda. Kwa tumbo, na kukaa. Kusimama bado wiki mbili. Nikisikia umesimama usinirudie."

Asubuhi iliyofuata alikuwa ufukweni kabla ya watu. Alimsalimu mlinzi wa maegesho, mzee anayekaa kibandani pale getini, akaingia majini taratibu. Alikuwa amejiandalia maneno. Wakimuuliza, angejibu kwa utani tu, asiwafanye wajisikie vibaya. Mabega yalikuwa yamelegea, akafika akihema, akaketi kwenye ubao akangoja. Wakaja mmoja mmoja: Miwani, Asante, mwisho Kipara. Kila mmoja akatikisa kichwa kumsalimu, akakaa mahali pake.

"Jana hukuja," akasema Kipara.

Bluu alidhani anataniwa. Akamtazama usoni, na mwenzake hana hili wala lile, anafinya macho kwa mwanga wa jua.

"Sijaja wiki kumi na mbili," akasema. "Goti lilichanika. Siku ile nilipoanguka ulikuwepo."

"Uliinua mkono."

"Niliinua, ndiyo."

Wimbi dogo likapita chini yao, hakuna aliyelitaka. Kipara alikuwa ameona haya, ilionekana kwa namna alivyokuwa akikwangua kwa ukucha ile nta ya kuzuia utelezi kwenye ubao wake. Bluu aliona kwamba si mtu mbaya, na hilo halikumsaidia. Ilimuuma kuliko goti.

"Mimi niliona hupo," akasema Asante. "Nikasema labda umehama, kama Mwekundu."

Bluu akageuka. Mwekundu alikuwa mtu mzima wa ubao mwekundu, mkubwa kwa umri kuliko wote pale. Siku ya kwanza kabisa ya Bluu ndiye aliyemshikia ubao, akamwonyesha pa kukaa, na miaka sita walikaa bega kwa bega. Kisha asubuhi moja hakuonekana. Bluu alikumbuka vizuri alichofanya. Siku ya tatu alisogea mahali pa Mwekundu, karibu na mwamba, pale wimbi linapoinukia vizuri, na ndipo alipokaa tangu hapo. Hata sasa ndipo alipokuwa.

"Alihama?" akauliza.

"Si alihama? Miwani, yule mzee alihama?" Asante akasema.

"Mimi nitajuaje," akasema Miwani. "Bluu ndiye aliyekuwa akikaa naye."

Wote wakamtazama wakingoja awaambie. Wimbi likaja, zuri, refu, na Kipara akalionyesha kwa kidevu. "Chukua wewe," akasema kwa upole. "Umengoja siku nyingi." Ilikuwa zawadi kubwa kuliko zote wanazojua kutoa. Bluu akalichukua kwa tumbo, kama mtoto anayejifunza, likamfikisha mchangani.

Getini akasimama kwenye kibanda cha mlinzi, ubao kwapani.

"Mzee wangu, unamkumbuka bwana mmoja mtu mzima, wa ubao mwekundu? Aliacha kuja, sasa ni miaka mitatu."

"Aliacha kuingia majini," mlinzi akasema. "Kuja alikuwa anakuja. Nyonga ilimharibika, akawa anatembelea fimbo. Kila asubuhi alikaa pale kwenye ukuta mpaka mkikaribia kutoka, kisha anajikongoja kwenda zake kabla hamjafika hapa. Nilimwambia, waite basi, ni wenzako. Akasema, hapana, mmoja wao atageuka tu."

Bluu akautazama ukuta. Ulikuwa mfupi, wa saruji, hatua thelathini kutoka majini, na yeyote aliyekaa kwenye foleni angemwona mtu pale kama angegeuza shingo. Lakini wimbi hutoka mbele, na kwenye foleni hakuna anayegeuka.

"Alikuja mpaka lini?"

"Mwaka mzima na zaidi. Halafu basi."

"Anakaa wapi, mzee? Hakukuambia hata mtaa?"

Mlinzi akamtazama kwa mshangao wa kweli, wala hakukusudia kumuumiza.

"Mimi nitajulia wapi, mama? Si alikuwa mwenzenu."