Huku Nyuma Mtu Anaenea

...si bei aliyoiuliza, wala mwaka, wala kama injini inakula mafuta, maana hayo yote Mugisho ameyajibu tangu asubuhi bila kukwama, kwamba Porsche hii ni ya mwaka sitini na tisa, kwamba wekundu huu ni rangi yake ya kuzaliwa, kwamba anaiuza kwa sababu magoti yake hayataki tena kushuka kwenye kiti kilicho chini kama kigoda, lakini huyu Carmel, daktari wa meno wa pale Ibanda, ameinama mlangoni, mkono ameupeleka nyuma ya viti vya mbele, anapapasa ngozi iliyochakaa, na ameuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Papa Mugisho, huku nyuma mutu mukubwa anaweza kukaa? Niko na maman, nataka nikuwe namupeleka misa," na sasa anangoja, jibu ni la neno moja tu... Mgiriki aliyemuuzia Mugisho gari alisema hapana, hapo ni pa kuweka koti na kofia, mwaka ule wa tisini na moja alipokuwa anafunga duka lake la vitambaa arudi kwao, na Mugisho, fundi wa miaka thelathini na miwili, alikuwa na nusu tu ya bei, mama yake akashuka kutoka Walungu na nusu ya pili imefungwa kwenye pindo la kitenge, ng'ombe wawili, Mushi gani, mtu wa kabila linaloishi kwa ng'ombe, anauza ng'ombe wawili kwa ajili ya gari lisilobeba hata gunia la mihogo, lakini mama hakuuliza, aliizunguka mara moja, akaigusa taa, akasema inang'aa... Carmel anasema kitu, kuhusu mto, ataweka mto ili maman asiumie mgongo, Mugisho anaitikia kwa kichwa bila kusikia vizuri, kwa sababu vidole vya Carmel vimefika kwenye alama, zile alama mbili za pembe nne zilizodidimia kwenye ngozi na hazikuondoka, asubuhi ile ya Oktoba tisini na sita, vita vinaingia mjini, milio ya mabomu inatoka upande wa Ruzizi, mtaa mzima wa Nguba uko barabarani na magodoro kichwani, Virginie mkewe ameketi mbele, Élodie wa miezi mitatu mapajani, na nyuma pale Mugisho amekwisha kupanga visanduku viwili vya vipuri, kabureta, pistoni, vitu visivyopatikana tena Bukavu wala Bujumbura, na mama yake, aliyekuwa amekuja kumwona mjukuu, amesimama hapa hapa uani, kitenge begani, amejifunga tayari kwa safari, Virginie akasema chini chini, toa visanduku mama aingie, na yeye akasema hapo si kiti, mtu haenei hapo, alisema hivyo ameshika usukani na hakugeuza shingo, na mama akasema basi, yeye muzee atalinda nyumba, wampeleke mutoto... hakufa, hilo ndilo alilojiambia miaka yote, mama hakufa, wao watatu walikaa mafichoni Bunyakiri wiki tano, na waliporudi, gari wanalisukuma zaidi kuliko kuliendesha, walimkuta jikoni anachambua maharage, amekonda, meno mawili hayapo, hakueleza yalikwenda wapi na hakuna aliyethubutu kumuuliza, alimpokea mtoto, aliwapa chakula, na walipokwisha kula akamgeukia Mugisho, akasema, "Vile vyuma vilifika salama?"... na yeye akajibu vilifika, mama, basi, hakuongeza neno, na miaka ishirini na tisa amekuwa analipima lile swali, kulikuwa na uchungu ndani yake au msamaha, huku akimtazama mama anazeeka, anakwenda misa kwa miguu, anafia kitandani na padri yuko kando, na kila siku aliyotaka kumwambia kulikuwa na wageni, au mvua, au mama amesinzia... lakini ngoja, vile vyuma vilikuwa vya mama pia, gari lilikuwa ng'ombe wake, labda mama aliuliza tu kama mtu anayeulizia mali yake, labda hakukuwa na fumbo la kufumbua, fumbo alilitengeneza yeye mwenyewe ili awe na kitu cha kupima badala ya kusema lile neno moja, kwamba nafasi ilikuwepo... na sasa barazani Virginie, aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, amesimamisha mchi, amesikia swali, naye anangoja, amengoja muda mrefu kuliko huyu daktari...

"Anaenea," Mugisho anasema. "Mutu mukubwa anaenea huku nyuma, bila shida. Mama yangu angeenea."

Carmel anatabasamu, anadhani ni sifa ya gari, mkono wake bado uko juu ya ngozi, na barazani mchi haujaanza tena.