Waya wa Zizini

Simu ya Mugeta ilimkuta Masatu juu ya ngazi huko Guta, Bunda, akipitisha waya chini ya bati la mteja mwingine.

"Fundi, kamera ya kwa mama imezima tena. Tangu asubuhi ng'ombe siwaoni."

"Nitapita kesho, kaka."

"Pita leo. Mwizi anasubiriga kesho? Na safari hii weka bomba la chuma, tumalize."

Mugeta alikuwa na kazi Dodoma. Majirani wa mama yake kule Butiama walipoibiwa mitamba, alimwagiza Masatu afunge kamera zizini. Masatu aliuchimbia waya mtaro kwa mikono yake, kutoka ukuta wa jiko hadi mlango wa zizi: waya mweusi wa nje, usioogopa jua wala mvua. Kazi ilitoka safi. Jioni alirudi chumbani kwake Buhare, akakosa mtu wa kumsimulia.

Mwezi uliofuata waya ukakatwa na jembe. Akauunga bila neno. Watu wanalima, na jembe halina macho.

Leo alifunga mabomba kwenye pikipiki, akafika Butiama alasiri. Bi Wankyo, mama yake Mugeta, alitoka mlangoni amevaa kanga mpya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Akachungulia nyuma ya pikipiki, kisha barabarani. "Umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

"Haya. Ingia ule."

Kuku alikuwa ameshaiva, jogoo mzima, na ugali wa mtama umefunikwa kwa sahani. Masatu alikula polepole. Hakuna aliyekuwa amempigia mama huyu kumwambia kuna mgeni.

"Zamani Mugeta alikuwaga anakuja kila mwisho wa mwezi," alisema Bi Wankyo, akitazama nje. "Anahesabu ng'ombe, analala, asubuhi anaondoka. Sasa anawahesabia hukohuko."

Masatu alinawa, akaenda kuukagua waya. Haukuchukua muda kujionyesha. Ulikuwa umekatwa mlangoni mwa zizi, mahali ambapo kwato zimeishindilia ardhi ikawa ngumu kama sakafu. Hapo halioti hata jani. Udongo ulikuwa umefukuliwa palepale, waya ukakatwa pigo moja.

Alirudi ndani, akawasha rekoda ya kamera, akatafuta picha za mwisho. Ng'ombe wanatoka. Kisha Bi Wankyo anakuja, kanga ileile mpya, jembe begani. Anasimama chini ya kamera na kuinua uso. Midomo inacheza, kamera ile haikuchukua sauti. Anaongea kwa muda, ananyamaza kama anayengoja kujibiwa, kisha anainama. Giza.

Masatu aliitazama tena. Halafu akatoka hadi nyuma ya nyumba, akapiga simu.

"Kaka, umeangalia picha za mwisho kabla haijazima?"

"Za nini? We unga waya."

"Ziangalie. Niko na rekoda, nakutumia sasa hivi."

"Kuna mwizi?"

"Hapana. Yuko mama."

"Sasa mama nimwangalie nini, si namjua? Fundi, niko kikaoni."

"Ungekuja ukaona mwenyewe."

"Nikija nitafanya nini, mimi fundi?"

Simu ikakatwa. Masatu aliituma ile picha hata hivyo, akarudi kwenye mtaro.

Alifanya kazi kwa mpangilio wake wa siku zote. Alivuta waya mpya, akauingiza kwenye chuma kipande kwa kipande kuanzia zizini, akafukia. Bi Wankyo alisimama akimtazama, mikono ndani ya kanga.

"Hilo bomba, jembe halilitoboi?"

"Halilitoboi, mama."



Ng'ombe walipokuwa wakirudi, kamera ikawaka. Simu ya Masatu ikalia ujumbe.

"Ni Mugeta?" aliuliza mama. "Amesemaje?"

Masatu aliusoma mara ya pili, kana kwamba ungeongezeka. "Amesema ng'ombe anawaona wote."

"Wote."

"Ndiyo, mama."

Kilibaki kipande cha mwisho, karibu na ukuta wa jiko. Bomba la kukitosha lilikuwepo. Masatu alilishika, akalipima kwa macho, kisha akalirudisha kwenye pikipiki na kulifunga kamba. Akaufukia waya mtupu kwa udongo laini, juujuu.

"Hapa bomba halijafika," alisema. "Ukilima hapa, angalia."

"Mimi hapa silimagi."

"Najua."

Bi Wankyo aliutazama ule udongo mpya. "Na ukikatika, atakuja nani?"

"Mimi."

Akamtazama ng'ombe wa mwisho akiingia zizini.

"Kuku alikuwa wa Mugeta," akasema. "Wewe unakulaga nini?"

Tangu mama yake azikwe kule Majita, hakuna aliyewahi kumuuliza Masatu swali hilo. Ilibidi afikiri.

"Furu," alisema. "Wale wadogo wa ziwani. Wa kukaushwa."

"Wa kukaushwa," alirudia Bi Wankyo, akainama kuliokota jembe lake.