Mkono Juu ya Kaypro

Katika duka la mitumba la kanisa fulani, mjini Saint Paul, Marekani, sheria ilikuwa moja, wala haikubandikwa ukutani: kitu ni cha aliyekishika, maadamu mkono wake ungali juu yake. Ukiuondoa, hata kwa kupenga kamasi, umekitoa sadaka upya.

Evodius aliijua sheria hiyo kama Baba Yetu. Miaka minne alikuwa akiwinda kompyuta ya aina moja tu, toka Fridley mpaka Shakopee, na katika mawindo hayo alikwisha kukanyagwa, kusukumwa ndani ya rundo la viatu vya barafu, na kung'atwa kidole gumba na bibi wa miaka themanini kwa sababu ya redio. Jumamosi ile ya Februari 1996, mlango ulipofunguliwa saa tatu asubuhi, aliingia kiwiko mbele. Akampiga mtu mbavu, akaomba radhi. Akampiga wa pili, akasahau kuomba. Na pale kwenye rafu ya chini, karibu na pasi na masufuria, akaiona Kaypro: sanduku la chuma la kijivu, zito kama mbuzi aliyeshiba, lenye kioo kidogo na matundu mawili ya disketi. Akaubandika mkono wa kulia juu yake.

Msimwone mwendawazimu. Kaka yake, Edson, ndiye aliyetangulia kuja kusoma huku, akafa mwaka themanini na nane gari lilipoteleza kwenye barafu kule Plymouth. Kompyuta yake, nayo Kaypro, mwenye nyumba aliitupa. Ilibaki disketi moja, bapa na laini kama chapati ya jana, imeandikwa kwa kalamu: Barua ya Mama. Kompyuta za kisasa ziliitazama disketi ile kama ng'ombe anavyotazama gazeti. Ilisomeka kwenye Kaypro tu. Na kule Muleba mama yao alikwisha kuacha kuuliza habari za masomo na mchumba. Kila akipigiwa simu alikuwa na swali moja, kama barua yake imeshafunguliwa, na kila mara Evodius alijibu bado kidogo. Ndiyo maana Jumamosi zote alikwenda dukani na disketi mfukoni, ndani ya koti, upande wa moyo.

Basi akiwa amesimama hivyo, nyuma yake ikasikika sauti nzito ya Kiswahili.

"Kijana, kwani kwenu siku hizi hamsalimii wazee?"

Alikuwa Kiprop, Mkenya wa miaka hamsini na ushee, kichwa kimeanza mvi, kifua kama kabati. Siku za kazi aliuguza wagonjwa. Siku za mapumziko aliwinda kompyuta za zamani, akazifufua na kuzirundika nyumbani mpaka mkewe, Dinah, akawa anapita ubavu kwenda jikoni kwake mwenyewe. Zamani Kiprop alikaa Arusha miaka minne, na elimu aliyotoka nayo huko ni hii: Mtanzania aliyelelewa akiona mvi lazima aamkie, hata nyumba iwe inaungua.

Akanyoosha mkono wa kulia.

"Shikamoo, mzee," akasema Evodius, na kwa adabu aliyofundishwa kwa fimbo akampa mikono yote miwili, na magoti akayakunja kidogo.

"Marahaba," akasema Kiprop. Mkono wake wa kushoto ulikuwa tayari juu ya Kaypro.

Evodius aliutazama mkono ule. Kisha, kiganja cha mzee kikiwa bado ndani ya viganja vyake, akakivuta kwa nguvu zote na kumpokea Kiprop kwa kichwa. Mdomo ukapasuka kama nyanya. Jino la mbele likaruka na kulia ndani ya sufuria.

Heshima ikaishia hapo. Kiprop alitema damu, akamchapa kofi la sikio lililomfanya asikie kengele za parokia tatu kwa mpigo. Evodius akamrukia shingoni. Wakaenda chini na rafu nzima ya sahani, wakagaagaa juu ya vigae, mmoja akimkaba mwenzake kwa tai ya mtumba, mwenzake akimtafuna kidole. Damu haikujulikana tena ni ya nani. Kiprop akapapasa, akaipata pasi, akamshushia nayo bega, na mfupa ukatoa sauti ya kuni kavu. Evodius akalia, akampiga goti pale ambapo wanaume hawasimulii. Margaret, mama wa Kizungu aliyejitolea kusimamia duka, akafika na koleo la theluji, akawapiga wote wawili migongoni bila upendeleo. Hawakumsikia. Kiprop alijiinua, akaanguka kwa goti juu ya kifua cha Evodius, na ndani ya koti kitu kikalia: kwacha.

Evodius akaacha kupigana. Akalegea kama nguo. Kwa mkono uliobaki mzima akaitoa disketi. Ilikuwa imekunjika katikati, ganda limechanika.

"Ni barua ya mama yangu," akasema. "Aliyeiandika amekufa."

Kiprop, ngumi ikiwa hewani, aliitazama disketi. Akaichukua kwa vidole vya muuguzi, akachungulia tundu la katikati, akaigeuza kwenye mwanga.

"Ganda ndiyo imeharibika," akasema, damu ikimtiririka kidevuni. "Hii ya ndani iko sawa. Naweza ku-transfer kwa ganda ingine. Niko nazo kwa gari."

"Nisaidie, mzee."

"Nitakusaidia. Lakini kwanza jino yangu. Simama, mikono nyuma. Moja tu, tuwe sawa."

Margaret aliuliza, simu mkononi, kama aite polisi. Wote wawili wakamjibu kwa pamoja kwamba wao ni ndugu. Alisema naye ana kaka wawili, akairudisha simu mahali pake.

Evodius akasimama, bega limening'inia, mkono mmoja nyuma, wa pili ukikataa kufika.

"Usinipige jicho," akasema. "Nataka kusoma."

Kiprop alilifikiria hilo kwa uadilifu. Kisha akamvunja pua.

Baadaye Kiprop akaleta disketi zake kutoka garini, akaomba mkasi wa Margaret, akakata maganda mawili ukingoni, akahamisha ile sahani nyembamba nyeusi kama anayebadilisha bendeji ya mtoto. Wakaiburuta Kaypro hadi kwenye soketi ya kujaribia vitu. Kiprop akatia disketi yake ya kuiwashia tundu la kwanza, ya Edson tundu la pili, akagonga vitufe kwa mkono mmoja. Wa kushoto alikwisha kuurudisha juu ya chuma, na haukuondoka. Kompyuta ikakoroma. Ikanyamaza. Ikakoroma tena, kwa muda mrefu, na Evodius, kitambaa kimejaa puani, akaacha kupumua kwa mdomo.

Herufi za kijani zikajipanga: Shikamoo Mama. Usiwe na wasiwasi na baridi ya huku, nimeshapata koti.

Tone la damu likaanguka kwenye kibodi. Kiprop akauondoa mkono juu ya Kaypro.

"Napanguza damu tu," akasema. Lakini mkono haukurudi.