Vifungo vya Tovuti ya Shangazi

Shangazi ni fundi cherehani, na tovuti ya kazi zake niliiandika mwenyewe, mstari kwa mstari. Kila akitaka kubadilisha picha ya gauni, ananipigia mimi. Leo nimemwonyesha tovuti zilizotengenezwa tayari, ambazo angezirekebisha mwenyewe kwenye simu.

"Niwashonee watu, halafu mimi nivae ya dukani?" aling'aka. "Thubutu!"

Nilikuwa nimechoka hata kubisha. "Shangazi, kifungo kikikatika, mteja hukurudishia gauni?"

"Kwa kifungo tu? Si ashone mwenyewe, ana mikono!"

"Basi nakutafutia tovuti ambayo vifungo vyake utavishona mwenyewe."

Aliyatazama macho yangu mekundu. "Kumbe umechoka, mwanangu. Si ungesema tu?" Akanyoosha mkono. "Haya, nionyeshe pa kubonyeza."