Visigino Vyangu Kwenye Tovuti

Miguu yangu ni mibaya. Silalamiki. Imenizungusha bandarini, migodini na kwenye mashamba ya watu, na hata shule nimesoma vipande vipande, darasa huku, darasa kule, kwa sababu ya miguu hiyo hiyo isiyotulia. Visigino vimepasuka, unaweza kuficha sarafu ndani. Kwa hiyo nilipofika kwa mpwa wangu kupumzika kidogo, naye akapiga magoti na simu yake ili avipige picha, nilidhani ananicheka.

"Tulia, Mjomba. Usichezeshe vidole."

"Unataka kumtisha nani?"

"Wateja," akasema, akacheka.

Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, anauza mafuta ya miguu. Anayachemsha mwenyewe jikoni, ya kijani, yananuka kama dawa ya meno. Kwa ngozi kavu si mabaya. Duka ni chumba cha mbele cha nyumba, lakini duka hasa, anasema, ni tovuti, na tovuti isiyo na wageni ni ukuta mtupu. Ndiyo maana asubuhi anaandika blogu, mchana anaimwaga mitandaoni kipande kwa kipande, na kila kipande kina kiungo cha kumvuta mtu hadi dukani. Kazi ni kazi. Sikuona ubaya.

Ubaya uliingia mlangoni ukichechemea. Alikuwa mama mmoja fundi cherehani, sindano bado zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni. Aliponiona akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Mjomba wa visigino! Ndiye wewe! Pole sana na mkeo, jamani."

"Mke gani?"

"Si yule aliyekukanda miguu mpaka siku anakata roho? Nililia mimi, cherehani nikaiacha."

Sijawahi kuoa. Nikamtazama mpwa wangu. Alikuwa anapanga chupa zilizokwisha kupangwa.

Mama fundi akaketi, akafungua kitambaa mguuni. Harufu ikajaa chumba. Chini ya unyayo palikuwa na kidonda, kingo zake nyeupe, kimepakwa mafuta ya kijani.

"Nina sukari," akasema. "Hospitali walikuwa wananisafisha. Nilivyosoma wewe umepona kidonda kwa mafuta haya, nikasema foleni ya nini? Nikaacha kwenda. Na huu ndio mguu wangu wa kukanyagia cherehani, nisipokanyaga sili. Binti yangu, leo nipe chupa kubwa."

Nikaomba simu yake, nikasoma polepole kama nilivyofundishwa, kwa kidole. *Mimi Mjomba, madaktari walitaka kunikata mguu.* Hapo chini visigino vyangu, na pembeni visigino vingine laini kama vya mtoto. Hivyo vilikuwa vya mpwa wangu. Kikuku chake cha mguuni alisahau kukivua.

Nikamvuta jikoni.

"Umeniulia mke ambaye sijamwoa."

"Ni hadithi tu, Mjomba. Nilipoandika habari za ngozi kavu, blogu tulisoma mimi na shoga yangu tu. Nilipoweka kidonda, tovuti ikafurika."

"Mwambie yule mama arudi hospitali."

"Mimi nilimwambia aache? Sikiliza, sasa hivi naenda laivu, watu wanasubiri kukuona. Sema umepona, basi. Nyumba hii inakula kwa tovuti, na wewe unakula humu humu."

Nimelala kwenye mabohari ya samaki, nimezoa vyoo vya kambi. Harufu ya kile kidonda niliivumilia. Haya maneno yalinishinda.

Tukarudi chumba cha mbele. Akatega simu juu ya kaunta, akavaa tabasamu kama mtu anavyovaa aproni. Mioyo myekundu ikaanza kupanda kwenye kioo cha simu.

"Wapendwa, ndiye huyu sasa! Mjomba, waambie."

Nikavua viatu, nikavua soksi mpya alizoninunulia, nikapandisha visigino juu ya kaunta, mbele ya simu kabisa.

"Tazameni vizuri. Viko vile vile. Sikuwahi kuwa na kidonda, wala mke. Vile laini ni vya huyu hapa."

Mpwa wangu akairukia simu. Mama fundi akatazama miguu yangu, akatazama mguu wake, akaanza kuufuta ule ukijani kwa pindo la gauni, akifuta na kufuta.

"Twende hospitali, dada yangu," nikamwambia. "Sasa hivi."

Akaniegemea begani. Nyuma yetu mpwa wangu akapaza sauti, "Usirudi hapa, mzee mchawi wewe!" Begi langu halina vitu vingi. Nililibeba.

Kwenye benchi la hospitali simu ya mama fundi haikuacha kulia. Akanipa nisome. Watu walikuwa wanacheka visigino vyangu, wengine wanauliza mafuta yanapatikana wapi. Juu kabisa mpwa wangu alikuwa amekwisha kuandika: *Mjomba wetu mpendwa, uzee umemchanganya. Mwombeeni.* Halafu kiungo cha duka.

Muuguzi akafungua kitambaa, akakunja uso, akaenda kumwita daktari.

"Wataukata?" mama fundi akaniuliza.

"Sijui."

Simu ikalia tena. Safari hii aliizima mwenyewe, akaitumbukiza kwenye mkoba, akabaki ameushika ule mguu kwa mikono yote miwili.