Nguzo ya Tisa

Jumanne saa tisa alasiri bendi ya Umeme wa Jirani ilikuwa inaunganisha nyaya zake kwenye ghala lililo chini ya ukumbi mkuu wa chuo, na haikuwa na mpiga ngoma. Mpiga ngoma alikuwa amehamia chuo kingine mwanzoni mwa muhula, akaondoka na ngoma zote kwa sababu zilikuwa za mjomba wake. Walibaki watatu: Mrefu, aliyeimba na kupiga gitaa, Profesa, mpiga kinanda, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alikuwa amekaa mwaka wa pili mara tatu, na Besi, binti wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa ujenzi, ambaye wenzake walikuwa wameshasahau jina lake la nyumbani naye hakuona haja ya kuwakumbusha.

Besi alikuwa hoi. Tangu asubuhi alikuwa maabara akipasua matofali ya zege kwenye mashine na kuandika kila moja limepasuka kwa uzito gani, na vumbi lilikuwa bado limemganda kwenye nyusi. Alikaa juu ya spika, akalipakata gitaa lake la besi kama mtu anayebembeleza mtoto wa jirani.

"Leo tupige zile za polepole," alisema. "Za mbio hazina wa kuzishika."

Wakaanza na wimbo wa Mrefu kuhusu mtu anayengoja simu. Walipofika ubeti wa pili, nguzo iliyosimama katikati ya ghala ilianza kugonga. Iligonga mara mbili kwa uzito na mara moja kwa wepesi, mbili na moja, mbili na moja, ikaenda sambamba na besi bila kuyumba. Mrefu aligeuka akaitazama, kisha akaendelea kuimba, maana wimbo ulikuwa umekaa sawa kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze.

"Mabomba," alisema Profesa walipomaliza.

"Mabomba yanajua kuingia kwenye kiitikio?"

"Yakifanya mazoezi."

Hawakulizungumzia tena. Kufikia wiki ya tatu nguzo ilikuwa imezishika nyimbo zote kumi na moja, na kwenye mmojawapo ilimnyoosha Mrefu, aliyekuwa na tabia ya kukimbilia mwisho kama anafukuzwa. Tatizo lake lilikuwa moja tu. Ikifika saa kumi na moja kamili jioni ilinyamaza, hata kama wimbo uko katikati. Wakazoea kumaliza mapema.

Aliyeitambua sauti ile ni Mama Jikoni, mpishi wa mgahawa wa wanafunzi. Alhamisi moja alishuka kufuata vikombe vyake, kwa sababu Profesa alikuwa na kipaji cha kuchukua vikombe na kutovirudisha. Alifika na sinia mkononi wakati bendi iko kwenye wimbo wa nne. Akasimama mlangoni. Akalitua sinia chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akaenda moja kwa moja hadi kwenye nguzo na kuiwekea kiganja.

"Huyu ni mume wangu," alisema.

Mrefu alizima kipaza sauti. "Shikamoo, mama. Sisi tulidhani ni mabomba."

"Marahaba. Si mabomba. Mbili juu tofali likae, moja ubavuni linyooke. Hivyo ndivyo anavyogonga. Hata mlango wa nyumbani aligonga hivyohivyo, nikawa namjua kabla hajasema hodi."

Mumewe alikuwa fundi mwashi. Wawili hao waliishi kwa mwiko, yeye mwiko wa sufuria, mumewe mwiko wa saruji, na walikuwa wakitaniana kuhusu hilo mpaka utani wenyewe ukaisha ladha. Miaka saba nyuma, ukumbi ulipokuwa unajengwa, fundi aliaga asubuhi na hakurudi. Mama alipokwenda kuuliza aliambiwa ametoroka kazini. Mtu mmoja, kwa nia njema, alimwongezea kwamba ametoroka na mwanamke. Mama aliwagawia watu nguo za mumewe. Alipoitwa kwenye harusi hakwenda, maana alijua wataanza kunong'ona akishapita mlango. Mwishowe aliomba kazi ya jikoni hapohapo chuoni, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi.

Sasa alisimama akiiangalia nguzo kuanzia chini hadi juu, kama mtu anayempima mgonjwa kwa macho.

"Miaka saba nimekutukana bure," aliiambia. "Na wewe ulikuwa hapa chini, mimi niko juu nakaanga vitunguu."

Nguzo iligonga mbili na moja.

"Haya," alisema Mama Jikoni. Akaokota vikombe vyake. "Endeleeni, wanangu. Nikipata nafasi nitashuka tena."

Akawa anashuka kila siku ya mazoezi. Aliketi kwenye ndoo iliyofunikwa, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo, akichambua mchele wa kesho yake. Mwanzoni Mrefu aliona aibu kuimba nyimbo za mapenzi mbele yake. Baadaye alizoea.

Wiki iliyofuata Besi alimsindikiza mama ofisi ya utumishi, kuomba faili la mumewe lirekebishwe. Ofisa wa utumishi alikuwa mtu mwungwana. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua kabati, akatoa faili lenye vumbi, kisha akachukua kalamu na kushuka nao ghalani ajionee. Aliisalimu nguzo. Nguzo ikagonga. Akaandika.

"Namsikia vizuri," alisema. "Sina ubishi kwamba ni yeye. Lakini faili linasema ametoroka, na utaratibu wa mtoro ni kwamba akipatikana aje mwenyewe ofisini, atie saini."

"Na kama hawezi kuja?" aliuliza Besi.

"Basi anaendelea kuwa mtoro."

"Hajatoka hapa hata siku moja," alisema Mama Jikoni. "Nani kwenye chuo hiki amekaa kazini kuliko yeye?"

Ofisa alikubali kwamba jambo hilo ni kweli, na kwamba kibinafsi lilimgusa. Akafunga faili, akamwuliza mama kama mgahawa utakuwa na maharage kesho.

Besi hakulala vizuri juma lile. Mradi wake wa kumalizia masomo ulihusu nguzo za ukumbi huohuo, kwa hiyo michoro yote alikuwa nayo chumbani, imekunjwa chini ya kitanda. Aliitandaza sakafuni asubuhi moja ambayo hakuwa na kipindi. Nguzo zilikuwa kumi na sita, zote za unene mmoja, isipokuwa ya tisa, ile ya katikati ya ghala, iliyokuwa nene zaidi kwa shibiri moja kila upande. Pembeni yake palikuwa na maandishi madogo ya penseli: *Imeongezwa baada ya tukio.* Chini ya maneno hayo kulikuwa na hesabu za uzito, safi, hatua kwa hatua, na mwishoni herufi mbili za jina alizozijua. Zilikuwa za mwalimu aliyekuwa anamsimamia mradi.

Wanafunzi walimwita Mhandisi. Alikuwa mzee mpole mwenye macho mekundu ya kusoma, asiyemfukuza mtu ofisini. Besi alimwekea mchoro mezani, akaweka kidole kwenye nguzo ya tisa.

"Shikamoo, mwalimu. Ulikuwepo?"

"Marahaba. Nilikuwepo." Mhandisi alivua miwani. "Alikuwa juu ya boksi la mbao la kumiminia nguzo, ananyoosha nondo, ubao ukamkatikia, akatumbukia ndani. Zege lilikuwa limeshaanza kumiminwa. Zege ukilisimamisha katikati, nguzo imekufa."

"Na mtu?"

"Msimamizi alisema endeleeni. Mimi nikapiga hesabu upya. Mtu ndani ya nguzo anapunguza nguvu, ndiyo maana nikaongeza unene. Pale pako salama kabisa, usiwe na wasiwasi."

Besi aliitazama ile penseli. "Kwa nini mkaandika ametoroka?"

"Fomu ya mfanyakazi aliyeondoka ilikuwa na visanduku vinne. Amemaliza mkataba, amefukuzwa, amefariki, ametoroka. Ukitia alama kwenye amefariki unadaiwa mwili. Kuutoa mwili ni kuvunja nguzo, na nguzo inabeba ukumbi." Alizungumza taratibu, kama anavyofundisha. "Nilikaa na ile fomu siku mbili, binti yangu. Siku mbili nzima."

"Mkewe yuko jikoni hapo chini."

"Najua. Chai yake ni nzuri."

Nje wanafunzi walikuwa wanacheka kuhusu jambo fulani. Mhandisi alirudisha miwani usoni, akavuta kitabu cha mradi wa Besi, akafungua sura ya nne.

"Kazi yako ni nzuri sana, mojawapo ya bora mwaka huu. Hii nguzo ya tisa iondoe tu. Kumi na tano zinatosha kwa hoja yako."

Besi aliiacha nguzo ya tisa mahali pake. Mradi ulikaa mezani kwa Mhandisi wiki moja, ukakaa ya pili. Mhandisi hakumkemea wala hakumnunia; kila wakikutana kwenye ngazi alimsalimia na kumwambia kwamba bado anausoma. Wenzake darasani walianza kujaza fomu za mahafali. Nyumbani mama yake alipiga simu kuuliza shangazi zake washone nguo za rangi gani.

Siku ya kumi na sita aliingia maktaba, akafungua sura ya nne, akaifuta nguzo ya tisa. Ilichukua dakika nne. Aliuchapisha mradi upya, akaupeleka, ukasainiwa palepale. Kisha akashuka ghalani kabla ya wenzake kufika, akamkuta Mama Jikoni kwenye ndoo yake, akamweleza yote: mchoro, penseli, visanduku vinne, na alichokifanya yeye maktaba. Hakuacha neno.

Mama Jikoni alichambua mchele mpaka ungo ukaisha.

"Kwa hiyo alianguka," alisema.

"Alianguka, mama."

"Hakukuwa na mwanamke."

"Hakukuwepo."

Mama alitikisa kichwa polepole. "Na wewe ungekataa, ingekuwaje? Wangekufukuza, ukaenda kukaa kwenu. Yeye angekuwa palepale." Alipuliza makapi kutoka kiganjani. "Mmoja akiwa ndani anatosha."

Besi alitamani mama amkasirikie. Mama hakumkasirikia. Alimwomba tu asogee kidogo, alikuwa amemzibia mwanga.

Sherehe ya kukaribisha mwaka wa kwanza ilifanyika wiki chache kabla ya mahafali, Jumamosi saa nne asubuhi, ukumbini. Nguzo ya tisa inapenya sakafu na kutokea kando ya jukwaa, kwa hiyo bendi ilijipanga kuizunguka. Waliwekwa baada ya hotuba ya mkuu wa chuo, aliyesifu uimara wa jengo. Walipiga nyimbo tano. Fundi hakukosea hata pigo moja, na kwenye wimbo wa mwisho Mrefu alimwachia sehemu yake peke yake, nguzo ikagonga kwa dakika nzima, vumbi laini likishuka kutoka darini na kuwatulia wageni mabegani. Wanafunzi wapya walisimama juu ya viti. Mhandisi alikuwa mstari wa mbele. Mguu wake ulikuwa unafuata mapigo, na alikuwa ameinamisha kichwa.

Mkuu wa chuo alishika kipaza sauti na kuwashukuru vijana watatu wenye vipaji. Profesa alimnong'oneza kwamba wako wanne. Mkuu alitabasamu, akaishukuru na nguzo, akaomba ipigiwe makofi. Ilipigiwa. Mama Jikoni alisikia makofi hayo akiwa nyuma, kwenye dirisha la kugawia chakula, na mwiko wake mkononi.

Barua ya ofisi ya utumishi ilikuja mwezi uliofuata. Ilisema suala limepokelewa na hadhi ya mfanyakazi inabaki kama ilivyo. Ilisainiwa na ofisa yuleyule mwungwana, ambaye aliileta mwenyewe kwa mkono, akanywa chai.

Bendi ilivunjika kama zinavyovunjika bendi za chuo. Mrefu alipata kazi ya kuuza bima. Profesa alipita mwaka wa pili. Besi aliajiriwa kwenye kampuni ya ujenzi, na kila zege linapomiminwa anasimama karibu mno, mpaka mafundi wamekwisha kumlalamikia. Mara moja alirudi chuoni kufuata cheti, akashuka ghalani. Vijana wanne asiowajua walikuwa wanakaza nyuzi za magitaa. Hawakuwa na ngoma. Mama Jikoni alikuwa mahali pake, mgongo kwenye nguzo, kiganja chake kimelala juu ya saruji, akiwasubiri wawe tayari.

"Msianze na zile za mbio," aliwaambia. "Leo amechoka."

Wakaitikia ndiyo, mama, wakashusha sauti ya spika, wakaanza polepole.